Pigo la Tatu

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote katika mtaa wa Lummawsing, juu kabisa ya mji wa Shillong, ambako ukungu huingia dirishani bila hodi na kila mtu anajua mambo ya mwenzake mpaka idadi ya magego. Larihun Wahlang aliamka saa mbili, akanywa chai ya rangi na mikate ya mchele, akaosha nywele zake, kisha akakaa karibu na jiko la mkaa kuzikausha. Nywele zilikuwa nyeusi ti na zilimfika kiunoni. Kuzikausha kulimchukua nusu ya asubuhi, naye hakuwa na haraka.

Idadi ya magego ya watu yeye aliijua kweli, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mume, hana mtoto. Alichokuwa nacho ni nyumba kubwa ya mbao za msonobari yenye bati linalovuja, na ukuta mzima wa kanda na santuri za muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na waimbaji wanaokoroma kama wamekabwa. Aliupenda tangu ana miaka kumi na miwili. Hakuwahi kuomba radhi kwa hilo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Watu wa Lummawsing walimdharau, naye aliwadharau zaidi. Wanawake wa kanisani walipopishana naye kwenye ngazi za mtaa, wakaona fulana yake yenye fuvu, walivuta shali zao zisimguse.

"Kong Larihun, bado hujakua tu?" mmoja alimuuliza wiki ileile, akimwita dada kwa heshima huku anamtazama kama uchafu.

"Nimekua, Kong. Wewe ndiye umezeeka."

Mzee wa kanisa alihubiri dhidi ya ngoma za shetani huku meno yake ya juu yakicheza mdomoni, na meno hayo aliyatengeneza Larihun. Angeweza kuyakaza kwa dakika tano. Aliyaacha yacheze.

Lakini wa kwanza kwa dharau alikuwa mama yake mkubwa, Silda. Mama mkubwa Silda aliongoza kwaya kwa miaka ishirini na sita, akipiga mapigo kwa mgongo wa kitabu cha nyimbo juu ya ubao. Alikuwa na kosa moja ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia: pigo la tatu alilikimbilia. Moja, mbili-tatu, nne. Kwaya nzima ilikuwa imejifunza kukosea naye, na wageni walidhani ndio mtindo wa Lummawsing. Larihun alifukuzwa kwaya akiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu alikataa kukosea. Tangu siku hiyo mama mkubwa alimwita "yule wa makelele", hata mbele ya wageni, hata kwenye msiba wa mama yake mzazi.

Na msiba huo ndio uliozidisha chuki. Kwa Wakhasi, watu wa milima ile, nyumba ya ukoo hurithiwa na binti wa mwisho. Mama yake Larihun alikuwa kitinda mimba, kwa hiyo nyumba ilikuwa yake, na alipofariki ikawa ya Larihun. Larihun naye akifa bila binti, nyumba ingehamia kwa mama mkubwa Silda, na kutoka kwake kwa binti yake wa pekee, Phidalia. Hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote.

Saa saba mchana Larihun alifunga mabuti yake akateremka mjini. Bendi ya Ryngkew ilikuwa inapiga kwenye ukumbi wa sinema ya zamani. Mlangoni palikuwa na vijana watatu wenye ndevu za wiki mbili na fulana mpya zenye mikunjo ya dukani.

"Kong, umekuja kumchukua mwanao?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Ahaa! Haya, tutajie mpiga ngoma wa kwanza wa Ryngkew."

"Kitbok. Kwenye kanda yao ya kwanza, wimbo wa tatu, dakika ya pili, alipoteza pigo wakaliacha vilevile. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Nipishe."

Walimpisha. Kila tamasha walikuwa wengine, na kila tamasha swali lilikuwa lilelile, na Larihun alikuwa amechoka kuwajibu wajinga ili aruhusiwe kupenda anachokipenda.

Bendi ilikuwa imeshaanza wimbo wa pili aliposikia anavutwa mkono. Akageuka. Alikuwa Phidalia, miaka ishirini na miwili, kwenye sweta la kanisani lililofungwa vifungo vyote mpaka kooni. Phidalia, sauti ya kwanza ya kwaya! Phidalia ambaye kila sikukuu huchaguliwa kucheza ngoma ya wasichana, macho chini, mikono ubavuni, nyayo zikitambaa bila kunyanyuka.

"Wewe! Umepotea njia?"

"Dada, usinicheke. Huwa nakusikia unapiga nyimbo hizi kwako. Nikitandika kitanda nafungua dirisha." Akaangalia nyuma. "Usimwambie mama. Niapie."

"Mama yako anajua uko wapi?"

"Mazoezi ya kwaya. Niapie, dada. Akijua nimekanyaga hapa hatanitazama tena usoni. Unamjua."

Larihun alimjua. Akaapa. Kisha akamvua kibanio cha nywele, na nywele za binti zikamwagika, ndefu kama zake lakini zenye wekundu wa kahawa.

Phidalia hakujua kutikisa kichwa. Alikitikisa upande wakati wote wanakitikisa mbele, na kwenye wimbo wa nne nywele zao zikasokotana zikawa fundo moja. Walicheka mpaka machozi. Walikuwa wameinama hivyo, vichwa pamoja, gizani mwa ukumbi, Larihun aliposikia kitu kimemgusa kisogoni. Baridi. Kisha mvuto mdogo. Kisha fundo likaachia.

Alipoinua kichwa aliona mgongo wa mwanamume mwenye shali ya miraba akitoka taratibu. Watu wote walikuwa wanaruka, yeye alikuwa anatembea.

Taa zilipowashwa, Phidalia alikuwa ameshakimbia ili awahi nyumbani kabla ya mama yake. Bah Hepshon, yaani kaka Hepshon, mzee wa mitambo ya sauti aliyemfahamu Larihun miaka mingi, alikuwa anakunja nyaya. Akasimama ghafla.

"Kong. Geuka." Akanong'ona. "Nywele zako zimekatwa."

Larihun alipapasa. Nyuma, chini ya sikio, kulikuwa na pengo la upana wa vidole viwili, limekatwa sawa kwa mkasi.

Huko hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Kuna koo zinazosemwa kuwa zinafuga thlen, nyoka wa utajiri. Nyoka huyo hali panya. Mwenye nyoka hutuma mtu akakate nywele, kisha nywele huwekwa kwenye sahani ya fedha, ngoma ndogo hupigwa, na juu ya sahani hutokea sura ya mwenye nywele akicheza. Nyoka huanza kummeza kuanzia miguuni. Akifika kichwani, wanaitwa wachimba kaburi.

"Usilale peke yako wiki hii," Bah Hepshon akasema.

"Bah, na wewe pia? Mjinga fulani anatengeneza wigi."

Alicheka, akapanda ngazi mia mbili za kwenda kwake, akalala usingizi mzuri. Dharau ilikuwa imemlinda na mambo mengi maishani, naye alidhani itamlinda na hili.

*

Jumapili saa nane mchana mtaa ulikuwa kimya. Larihun aliweka santuri aliyoisikiliza kwa miaka kumi na minane, akavaa hedifoni, akafumba macho. Alijua kila pigo la santuri ile. Alijua hata mahali mpiga gitaa anapovuta pumzi.

Kwenye wimbo wa pili akasikia ngoma isiyokuwamo.

Alidhani sindano imechoka. Akaiinua. Ngoma ikaendelea. Akavua hedifoni. Ikaendelea. Haikutoka nje, haikutoka dirishani. Ilipanda kutoka sakafuni kupitia visigino vyake, ndogo, kavu, kama kucha inayogonga kopo.

"Na anapiga vibaya," Larihun akasema kwa sauti, peke yake chumbani.

Vidole vyake vya miguu vilianza kucheza. Hakuvichezesha yeye. Aliviona vinajikunja na kujikunjua ndani ya soksi. Alivibana kwa mikono. Vikacheza mikononi. Ilidumu mpaka kengele ya ibada ya alasiri ilipolia saa tisa na nusu, ndipo kila kitu kikanyamaza. Alipovua soksi, vidole vyote kumi vilikuwa vyeupe, havina hisia, vimelowa kitu cha kuteleza.

Jumatatu saa nane ileile, kazini, ikafika kwenye vifundo. Aliketi juu ya kiti chake kirefu, seti ya meno ya mtu mkononi, miguu ikitikisika chini ya meza. Hakupiga kelele. Alifanya jambo pekee alilolijua kuliko mtu yeyote mtaani: alisikiliza.

Moja, mbili-tatu, nne.

Moja, mbili-tatu, nne.

Meno yakamponyoka yakavunjika. Duniani kulikuwa na mkono mmoja tu unaokimbilia pigo la tatu namna ile. Alikuwa ameusikia kila Jumapili ya utoto wake.

*

Jumanne asubuhi alikuwa bado anatafakari afanye nini. Aende polisi aseme nini? Aende kanisani? Wangemuuliza kwa nini shetani amgeuke mteja wake. Mlango wa karakana yake ya meno ukafunguliwa, akaingia Phidalia, akitembea kwa kushikilia ukuta.

"Dada, una dawa ya baridi? Miguu yangu imekufa ganzi tangu juzi. Na ikifika mchana inacheza yenyewe." Akajaribu kucheka. "Nadhani nilikanyagwa pale ukumbini."

Larihun akamsogelea.

"Inama."

"Nini?"

"Inama, nimesema!"

Akamfungua nywele. Nyuma, chini ya sikio, pengo la vidole viwili, limekatwa sawa kwa mkasi.

Akakumbuka fundo. Yule mwenye shali alitumwa akate nywele za mwanamke mmoja, akakuta vichwa viwili vimefungamana gizani, akakata mkato mmoja. Hakujua. Na aliyemtuma hakujua. Mwanamke yule alikuwa anamlisha nyoka mtoto wake mwenyewe, ili ampatie mtoto huyo nyumba. Hilo Larihun hakuweza kumwambia binti; asingeamini kamwe.

"Phidalia, nisikilize. Nenda kwa mama yako sasa hivi. Mwambie Jumamosi ulikuwa na mimi. Sema hivyo tu. Mwambie nywele zetu zilisokotana."

"Uliniapia!"

"Niliapa kijinga. Mwambie."

"Afadhali nife," Phidalia akasema, na alikuwa anamaanisha namna binti wa miaka ishirini na miwili anavyomaanisha maneno hayo, yaani bila kuyafikiria. "Hujui anavyowasema. Anasema mwanamke anayesikiliza makelele yale ananuka. Anasema angekuwa na binti kama wewe angemwosha kwa dawa ya choo. Nikimwambia, ataninusa maisha yangu yote."

Akatoka akishikilia ukuta. Saa nane ilipofika, Larihun alipoteza miguu mpaka magotini. Alijua kuwa juu mlimani, kwenye nyumba ya mama mkubwa ya rangi ya maziwa, kuna magoti mengine mawili yanayocheza.

*

Jumatano saa saba na nusu alibisha hodi. Miguu ilikuwa imerudi nusunusu, inabeba lakini haihisi. Mama mkubwa Silda alikuwa jikoni anakunja tambuu, popoo iliyokatwa imepangwa kwenye kisahani, nywele zimebanwa vizuri, vazi la jainsem limenyooshwa mpaka halina mkunjo.

"Yule wa makelele. Umekonda."

"Mama mkubwa, shikamoo. Sitaki ugomvi. Nyumba chukua. Nitakuandikia leo."

"Nyumba gani? Nani anataka banda linalovuja?" Akatia tambuu mdomoni. Alitafuna polepole, kwa meno ambayo Larihun alimchongea kwa mikono yake mwaka uliopita.

"Zile nywele," Larihun akanong'ona. "Zitazame. Si za mtu mmoja. Zangu nyeusi. Nyingine zina wekundu. Phidalia alikuwa na mimi ukumbini."

Kutafuna kukasimama. Kwa muda mfupi uso wa mwanamke yule ulikuwa mtupu. Kisha akacheka, akacheka kweli, mpaka mate mekundu yakamtoka pembeni.

"Mwanangu? Aingie kwenye lile zizi lenu? Ajipake jasho la wavuta bangi?" Akafuta mdomo. "Unajua kinachowasumbua watu kama wewe? Mnataka wote wachafuke ili msionekane. Mwanangu namjua. Namjua kuanzia kucha."

"Muulize."

"Sina haja."

"Muulize! Yupo juu. Muulize tu!"

Mama mkubwa Silda akainua uso kwenye dari. Akaita kwa ile sauti ya kuongoza kwaya.

"Phidalia! Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

Juu, maji yakasikika yakitikisika kwenye beseni. Binti alikuwa ameloweka miguu yake kwenye maji ya moto. Kisha sauti nzuri, laini, ya kwanza kwenye kwaya:

"Mazoezi ya kwaya, Mama."

"Phidalia!" Larihun akapiga kelele. "Sema kweli! Utakufa!"

Halafu, kwa sauti ndogo yenye kilio: "Dada, mbona unanifanyia hivi?"

Mama mkubwa Silda hakuwa na hasira hata kidogo. Alimtazama Larihun kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. Akajifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, akaingia chumba cha nyuma. Komeo likasukumwa.

Saa ya ukutani ikagonga saa nane.

Moja, mbili-tatu, nne.

Larihun alikimbilia ngazi. Alifika kwenye kidato cha kwanza, miguu ikatoweka. Akaanguka kifudifudi. Magoti yakacheza chini yake. Mapaja yakacheza. Baridi ilipanda, yenye unyevu, yenye uzito, na ilikuwa inabana. Ilifika kiunoni. Ilipofika mbavuni akashindwa kuvuta pumzi.

Na hapo, mwili mzima ukiwa unakwenda, alichokisikia kuliko woga kilikuwa karaha. Anapiga vibaya. Miaka ishirini na sita, na bado anapiga vibaya!

Akainua ngumi akagonga kidato cha ngazi. Hakugonga mapigo manne. Aligonga saba, ile saba ya nyimbo zake, nzito, isiyokimbia, ambayo alikuwa ameigonga kwenye meza na magoti tangu ana miaka kumi na miwili. Moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu. Ngoma ya chumba cha nyuma ikajikwaa. Ikajaribu kushika tena. Larihun akagonga. Ikajikwaa. Baridi ikashuka kidogo, mbavu zikafunguka.

Alipumua. Akapanda kidato. Akagonga. Akipumzisha mkono, miguu inakwenda. Akigonga, inarudi. Akapanda cha pili. Cha tatu.

Juu ya kichwa chake, kwenye mbao, kulikuwa na nyayo zinazotambaa. Hatua ndogondogo za ngoma ya wasichana, nyayo ambazo haziinuki. Zilizunguka chumba. Na zilikimbilia pigo la tatu.

"Phidalia! Usimfuate! Fuata mimi! Sikiliza ngumi!"

Moja, mbili-tatu, nne, zikasema nyayo.

"Hesabu na mimi! Moja mbili, moja mbili..."

Binti alikuwa amefuata mkono ule tangu yuko tumboni. Hakujua kukosana nao.

Larihun alipanda cha tano. Ngumi ilikuwa inavuja damu. Nyayo juu zilikuwa zinapungua uzito. Kwanza mbao zililia chini yake. Kisha hazikulia. Kisha zikawa kama za paka. Kisha kama matone.

Cha saba.

Kisha hakuna kitu.

Ngoma ikanyamaza. Komeo likavutwa. Mama mkubwa Silda akatoka, shali nyeusi imeshakaa mabegani, uso wa msiba umeshavaliwa tayari kwa ajili ya majirani. Akageukia ngazi kuitazama maiti.

Larihun alikuwa amekaa pale, hai, damu ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Walitazamana. Kisha macho ya mwanamke yakaanza kupanda, polepole, yakafika kwenye dari.

"Phidalia?" akaita. "Mwanangu, chai imechemka."

Akasubiri.

"Phidalia. Ulikuwa wapi Jumamosi? Niambie tu. Sitakasirika."

*

Walimkuta sakafuni karibu na ukuta, macho chini, mikono ubavuni, hana jeraha. Wanaume wanne waliobeba jeneza walitazamana walipoliinua, wakajifanya wanabeba kitu kizito.

Mtaa ulitoa hukumu kabla kaburi halijapoa. Ilijulikana kuwa binti alikuwa ukumbini Jumamosi ile, Bah Hepshon alimwona, na kwa hiyo ikajulikana kilichomuua: muziki. Mzee wa kanisa alilihubiri wiki tatu mfululizo. Wanawake wa ngazini walizidi kuvuta shali zao. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyebeba mkasi, maana jibu la swali hilo lingewalazimu watazame mtu waliyemzoea. Vidole viwili vya mguu wa kushoto wa Larihun havikupata hisia tena. Mama mkubwa Silda bado anaongoza kwaya, na wote bado wanakosea naye, na anapopishana na Larihun anageuza uso ukutani.

Chumba cha juu amekifunga. Seremala aliyeitwa kubadilisha mbao ndiye aliyesema, na amebadilisha mara mbili, mara ya mwisho kwa mbao mpya kutoka kiwandani.

Anasema kuna nyayo za maji. Zinaanzia mahali beseni lilipokuwa, za mtu mzima, peku. Zinazunguka chumba kwa hatua fupifupi, na kila moja ni ndogo kuliko iliyotangulia. Upande wa dirisha ni za binti wa shule. Kwenye kona ni za mtoto anayejifunza kusimama. Ya mwisho kabisa, chini ya ukuta, ina vidole vyote vitano, na seremala aliipima kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha ukaifunika.

Ni mwaka wa tatu sasa na hazijakauka. Aliigusa ile ya mwisho, anasema. Maji yake bado yana moto.